Namna ya Kufuatilia Madhara ya Vita vya Yemen kwa Raia: Mwongozo kwa Familia za Unguja na Pemba

Mwongozo huu umeandikwa kwa familia za Unguja na Pemba zenye damu yao Yemen, hasa zile ambazo asili yao ni Shihr, Mukalla, Seiyun na Tarim, miji ya Hadhramaut, na pia kwa walimu wa skuli ambao huulizwa na wanafunzi juu ya vita hivi na hawapendi kujibu kwa kubahatisha. Vita vilianza pale Wahouthi, kundi la wapiganaji kutoka kaskazini mwa nchi, walipoushika mji mkuu wa Sanaa mwezi wa Septemba 2014, vikapanuka mwezi wa Machi 2015 muungano ulioongozwa na Saudi Arabia ulipoanza kushambulia kwa ndege, na ingawa mapigano makubwa yalipungua tangu usitishaji wa Aprili 2022, miaka yote hiyo imeiacha nchi na mamlaka zaidi ya moja, benki kuu mbili na bei mbili za fedha ile ile. Anayefuatilia akiwa mbali huletewa habari za mabomu, ilhali sehemu kubwa ya raia waliokufa hawakufa kwa mabomu. Asiyelijua hilo, kila wiki isiyokuwa na shambulizi kubwa humhesabia jamaa yake kuwa salama, na hapo ndipo anapokosea.

Tenganisha waliouawa na waliokufa

Kabla ya kunukuu idadi yoyote, amua kwanza unahesabu nini. Waliouawa kwa risasi, makombora na mabomu ya kutegwa ardhini ni kundi moja. Waliokufa kwa sababu hospitali ilifungwa, maji yalichafuka, chakula kilipanda bei au njia ya kumfikisha mgonjwa kwa daktari ilizibwa, hao ni kundi la pili, na vita viliwaua vile vile.

Kundi la kwanza huonekana. Shambulizi la ndege juu ya ukumbi wa matanga mjini Sanaa, tarehe 8 Oktoba 2016, liliua watu wapatao 140. Basi la wanafunzi lililopigwa Dahyan, mkoa wa Saada, tarehe 9 Agosti 2018, lilipoteza watoto 40 pamoja na watu wazima waliokuwa karibu. Matukio hayo yana mahali, saa na mashahidi, na majina ya waliokufa yaliandikwa. Lakini mtoto aliyekufa kwa kuharisha katika kijiji cha milimani, siku nne baada ya zahanati kuishiwa na maji ya drip, hana tukio. Hakuna mwandishi aliyekwenda, na mara nyingi hakuna hata cheti.

Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, katika makadirio yaliyotolewa mwaka 2021, lilisema kwamba hadi mwisho wa mwaka huo vita vingekuwa vimesababisha vifo 377,000, na kwamba takriban asilimia 60 ya hivyo ni vya kundi la pili. Karibu asilimia 70 ya vifo vyote walikuwa ni watoto walio chini ya miaka mitano. Anayefuatilia vita hivi kwa kuhesabu mashambulizi peke yake, basi, anafuatilia sehemu ndogo ya msiba, na sehemu hiyo ndiyo yenye watu wazima wengi.

Iulize kila idadi maswali matatu

Nani aliyehesabu, alihesabu wapi, na mara ya mwisho kuhesabu ilikuwa lini? Mfano mzuri ni ule wa watu 10,000. Mwezi wa Agosti 2016, afisa mkuu wa misaada wa Umoja wa Mataifa nchini Yemen alisema kwamba waliouawa wamefikia 10,000, na idadi hiyo ilitokana na taarifa za vituo vya afya. Tangu hapo, kwa muda wa miaka miwili, vyombo vya habari vya dunia viliendelea kuandika 10,000, hali mabomu yakiendelea kuanguka na makaburi yakiongezeka. Idadi ilisimama kwa sababu waliokuwa wakihesabu waliishiwa na uwezo wa kuhesabu: zaidi ya nusu ya vituo vya afya vilikuwa vimefungwa au vikifanya kazi nusu nusu, na maiti anayezikwa kijijini siku ile ile, kama ilivyo ada ya Waislamu, hapiti hospitali. Kwa hiyo ukiona idadi isiyosogea katika vita vinavyosogea, ifahamu kuwa ni kiwango cha chini kabisa, na ukiiandika, iandike pamoja na mwaka wake.

Idadi ya 377,000 ina udhaifu wa aina nyingine, nao unapaswa kuelezwa kwa uaminifu. Hakuna aliyezihesabu maiti hizo moja moja. Watafiti walichukua hali ya Yemen ilivyokuwa, wakakadiria ingekuwaje lau vita visingetokea, kisha wakatoa tofauti. Njia hii ni halali na ndiyo inayotumika, lakini jibu lake hutegemea sana lile kadirio la "lau".

Wasomaji wa Kiswahili tuna kesi ya jirani inayoonyesha jambo hili. Uchunguzi wa Kamati ya Kimataifa ya Uokozi ulitoa jumla ya vifo milioni 5.4 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo baina ya Agosti 1998 na Aprili 2007, na idadi hiyo imerudiwa kila mahali. Baadaye wataalamu wengine waliipinga, wakisema kwamba kiwango cha vifo vya kawaida kilichotumiwa kama msingi kilikuwa wastani wa Afrika kusini mwa Sahara, ilhali Kongo ilikuwa na vifo vingi kuliko wastani huo hata kabla ya vita. Ukiuteremsha msingi, vifo vinavyobebeshwa vita huongezeka kwa mamilioni. Ukiupandisha, hupungua kwa mamilioni. Hakuna hata mmoja katika mjadala huo aliyesema kuwa Wakongo hawakufa kwa wingi kwa malaria, kuharisha na utapiamlo, na mwalimu atakayeieleza kesi hii darasani atakuwa amewapa wanafunzi kitu kikubwa kuliko idadi yenyewe.

Fuata njia ya bidhaa kutoka bandarini hadi kisimani

Hii ndiyo sehemu ambayo mtu aliye mbali anaweza kuifanya vizuri kuliko zote, kwa kuwa habari zake hupatikana na hazihitaji kumhatarisha jamaa yeyote. Yemen hununua nje takriban asilimia 90 ya ngano yake, na kabla na wakati wa vita bandari ya Hodeidah, katika Bahari ya Sham, imekuwa ikipokea karibu asilimia 70 ya bidhaa zinazoingia nchini. Mzanzibari hahitaji maelezo marefu juu ya maana ya jambo hilo, kwani sehemu kubwa ya mchele wetu nayo huteremshwa bandarini, na meli ikichelewa Malindi, bei ya Darajani husema yenyewe.

Mwezi wa Agosti 2015 kreni za Hodeidah zilipigwa kwa ndege. Bandari haikufungwa, lakini meli iliyokuwa ikiteremshwa haraka ikawa inangoja, na kila siku ya kungoja ililipwa mwishowe na mnunuzi wa kibaba cha unga. Kreni nyingine nne za kuhamishika hazikufika hadi Januari 2018. Katikati yake, mwezi wa Novemba 2017, baada ya kombora kurushwa kuelekea Riyadh, muungano ulifunga bandari na viwanja vya ndege vyote kwa muda. Ndani ya wiki mbili tu, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba Hodeidah, Saada na Taiz hazina tena maji safi. Maji yalikuwepo ardhini kama siku zote. Kilichokosekana ni dizeli ya kuendeshea pampu, na pampu ikisimama, maji taka nayo hayasukumwi, watu huchota kwenye visima vya wazi, na kipindupindu huingia. Ugonjwa huo ulikuwa tayari umekwisha kusambaa: hadi Disemba 2017 walioshukiwa kuugua walipindukia milioni 1, na waliokufa walipindukia 2,000. Kuna wazee hapa Unguja wanaoukumbuka mripuko wa mwaka 1978, na wengi zaidi wanaukumbuka ule wa 2015 na 2016. Wote wanajua kwamba mgonjwa wa kipindupindu akipata maji ya chumvi na sukari mapema hupona. Vifo vyake ni vifo vya kukosa vitu rahisi.

Kwa hiyo unaposoma habari za Yemen, zisome kwa mpangilio huu. Tazama kwanza kama Hodeidah na Aden zinapokea meli. Kisha tafuta habari za dizeli na gesi ya kupikia. Baada ya hapo tazama maji, na wiki chache mbele tazama taarifa za magonjwa. Ukiizoea njia hii utaanza kuona msiba unakuja kabla haujatangazwa, jambo ambalo lina faida moja ya wazi: msaada wa familia unaotumwa wakati dizeli inapanda hununua zaidi kuliko ule unaotumwa wakati watoto wamekwisha kulazwa.

Njia za bara nazo zina hesabu yake. Taiz ni mji uliozingirwa na Wahouthi kwa miaka, na barabara yake kuu ya kuelekea Hawban, kiunga chake cha mashariki, ilizibwa. Safari ya gari ya dakika chache ikawa ya saa tano au sita kwa njia za mlimani, na mjamzito mwenye damu inayotoka alipelekwa kwa njia hiyo hiyo. Barabara ilifunguliwa tena Juni 2024. Kiwanja cha ndege cha Sanaa nacho kilifungwa kwa abiria wa kawaida tangu Agosti 2016 hadi Mei 2022, kwa hiyo mgonjwa wa figo au saratani aliyetaka kutibiwa Amman au Cairo ilimlazimu kwanza asafiri kwa gari hadi Aden au Seiyun, akipita vizuizi vya pande zote. Na yasemwe yote mawili: walioziba bandari na anga walikuwa upande mmoja, walioizingira Taiz na kutega mabomu ardhini walikuwa upande wa pili. Familia zetu zina mapenzi yao, lakini anayeandika madhara ya raia hana budi ayaandike yote.

Uliza bei

Ukimpigia jamaa na kumuuliza "Hali zenu?", atakujibu "Alhamdulillah", nawe utakata simu bila kujua lolote. Hilo si kuficha. Ndivyo tulivyolelewa sote. Muulize mambo ambayo jibu lake ni kipimo. Wapo waliohamia huko baada ya 1964 ambao nyumbani kwao bado wanasema Kiswahili, na kwa hao maswali huja kwa wepesi: "Shikamoo, ami. Polo la unga la kilo 50 mwezi huu mnalipata kwa kiasi gani? Na mtungi wa gesi? Boza la maji linakuja mara ngapi? Khalid anakwenda skuli siku ngapi kwa wiki?" Mtu mzima haoni haya kutaja bei ya unga, hata yule ambaye asingekuambia kamwe kwamba chakula cha usiku kimeondolewa.

Bei peke yake haitoshi bila ya kujua mshahara na aina ya noti. Mwezi wa Septemba 2016 serikali inayotambuliwa kimataifa iliyahamisha makao ya benki kuu kutoka Sanaa, iliyokuwa mikononi mwa Wahouthi, kwenda Aden, na tangu hapo watumishi wa umma zaidi ya milioni 1 wakawa hawapati mishahara, au wanaipata vipande vipande baada ya miezi. Miongoni mwao ni walimu wapatao 170,000, karibu theluthi mbili ya walimu wote wa nchi. Nauona mshahara uliokatwa kuwa ni silaha iliyoua kimya kimya kuliko nyingi, kwa sababu duka linaweza kujaa unga na mwalimu akapita mbele yake na watoto wake wana njaa. Kisha, mwezi wa Disemba 2019, Wahouthi walizipiga marufuku noti mpya zilizochapishwa na serikali ya Aden. Riali ya Sanaa na riali ya Aden zikaachana: kabla ya vita dola 1 ilikuwa karibu riali 215, kufikia katikati ya 2021 ilikwisha kupita riali 1,000 upande wa Aden, huku Sanaa ikibaki karibu na 600.

Maana yake kwa anayetuma fedha kutoka Zanzibar ni kubwa. Kubaliana na jamaa kabla ya kutuma: yuko upande gani, atalipwa kwa sarafu gani, na wakala atakata nini. Fedha iliyofika Mukalla ikahitaji tena kupelekwa Sanaa inaweza kupoteza sehemu kubwa njiani kwa sababu ya tofauti ya noti tu. Tumia kampuni inayotambulika, andika jina la mpokeaji kama lilivyo katika kitambulisho chake, na uhifadhi risiti.

Yapo mambo ya kutouliza. Usiulize nani anashika kizuizi gani, wapiganaji wako wapi, wala jamaa anaunga mkono nani. Simu husikilizwa, ujumbe wa sauti husambazwa, na wewe uliyekaa salama kwenye barza huna haki ya kumtia mtu hatarini kwa ajili ya mazungumzo.

Usingoje tangazo la baa la njaa

Wataalamu wa chakula hupima njaa kwa ngazi tano, na ngazi ya mwisho, ndiyo baa la njaa lenyewe, ina masharti magumu: angalau kaya 20 katika kila 100 ziwe zimekosa chakula kabisa, watoto 30 katika kila 100 wawe na utapiamlo mkali, na watu wawili katika kila 10,000 wawe wanakufa kwa siku. Yemen ilikaa miaka mingi chini kidogo ya masharti hayo kwa nchi nzima, ingawa mwishoni mwa 2018 makumi ya maelfu ya watu walikuwa tayari katika hali ya ngazi ya tano, wametawanyika katika wilaya mbalimbali. Anayengoja tangazo ndipo aguswe atakuwa amechelewa, kwani ngazi ya nne pia hutoa maiti. Soma ramani za ngazi hizo kwa wilaya ya jamaa yako, usizisome kwa nchi nzima.

Kuhusu picha, neno ni fupi. Picha nyingi zinazozungushwa kwenye makundi ya simu kwa jina la Yemen ni za Syria au za mwaka mwingine. Kama huwezi kuonyesha mahali na tarehe, usiisambaze. Na picha ya mtoto aliyekonda, hata ikiwa ya kweli, ina mzazi wake.

Weka daftari

Familia moja iwe na daftari moja na mtu mmoja wa kulishika, kwa kuwa habari zinazogawanyika kwa watu saba hupotea zote. Andika tarehe ya Kiislamu na ya Miladia, aliyesema ni nani, aliona mwenyewe au alisikia, na maneno yake kama alivyoyasema. Bei zikae ukurasa wake. Waliohama makazi waandikwe walitoka wapi na wamefikia wapi, kwa sababu takriban watu milioni 4.5 wamehamishwa na vita hivi ndani ya Yemen, wengine zaidi ya mara moja, na namba ya simu ya mwaka juzi huwa haipatikani tena. Ukitaka kurekodi sauti, omba ruhusa kwanza, na usiweke jina wala kijiji mahali ambapo watu wa nje watasoma.

Jamaa akipotea, daftari hilo ndilo litakalofanya kazi. Mtandao wa Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu una huduma ya kuwatafuta watu waliopotezana kwa vita, na katika kuomba huduma hiyo huulizwa jina kamili na nasaba hadi babu, mwaka wa kuzaliwa, mahali alipoonekana mara ya mwisho, na tarehe ya mawasiliano ya mwisho. Majina ya Hadhramaut hujirudia mno. Salim bin Ahmed peke yake hatafutiki; Salim bin Ahmed bin Said, wa mtaa fulani wa Shihr, mwenye duka la nguo, anaweza kutafutika.

Mambo hayo hayo ndiyo atakayoyauliza Kadhi, ikiwa aliyepotea ana mali, mke au haki ya mirathi hapa Zanzibar. Mali ya aliyepotea haigawiwi kwa dhana, na warithi hawana ruhusa ya kujiamulia wenyewe kuwa amekufa. Suala hupelekwa mahakamani kwa ushahidi. Na ikiwa khabari ya kifo imethibiti, tarehe yake inahitajika kwa usahihi, kwa kuwa eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi huhesabiwa tangu siku ya kufa mume, si tangu siku ya kupokea simu. Vile vile, baba na mwana waliokufa katika shambulizi moja hurithiana au hawarithiani kwa kutegemea nani alitangulia. Kwa hiyo anapopiga simu mtu aliyehudhuria mazishi, muulize kwa upole, baada ya kumpa pole, siku ya kufa, saa kwa kadiri anavyojua, mahali pa kaburi, na majina ya watu wawili waliokuwepo, kisha uyaandike yote kabla hujakata simu.